Zima Tochi

Saa nane usiku, Mbagala, nimesimama mbele ya kioo nimeachama kama kinda la ndege, tochi ya simu mkononi. Sina homa. Koo haliumi. Jioni nimekula ugali kwa dagaa na nikaomba nyongeza. Lakini tonsesi ya kushoto ina kitone cheupe, na nyuma ya ulimi kuna vinundu ambavyo naapa jana havikuwepo.

Vilikuwepo. Wewe pia unavyo, vimejipanga kama herufi V, na kazi yao ni kuonja. Tonsesi nazo si laini kama gololi: zina vishimo, na humo mabaki ya chakula na seli zilizokufa hugandamana kuwa vijiwe vyeupe. Vinanuka, haviui. Hayo hakuna aliyenifundisha. Shuleni tulichora jicho, moyo na figo. Koo tulilipita kama kituo cha daladala ambacho hakuna anayeshuka.

Kwa hiyo asubuhi nikaenda duka la dawa, nikauziwa amoksilini bila cheti wala swali. Nilimeza siku mbili, nikaziacha. Kitone kikabaki palepale. Ndivyo tunavyowafundisha bakteria kuzizoea dawa zetu, kisha tunalalamika hazifanyi kazi.

Ila kilichonitisha zaidi ni kisichokuwepo. Kwenye kila picha niliyoitazama, katikati ya koo kuna kinyama kinaning'inia. Kwangu kuna kigutu. Nikampigia mama.

"Kimio? Tulishakikata mwanangu. Ulikuwa na miaka miwili, unakohoa usiku kucha. Fundi akakuchungulia, akasema ni kirefu."

"Nilitoka damu?"

Akanyamaza kidogo. "Mpaka alfajiri."

Najua mtakachosema: ule ulikuwa ujinga wa zamani, wangu mimi ni umakini wa msomi. Nakataa. Ni kitu kilekile. Koo lisilo na ubaya, mwanga, mtu asiyejua koo zima linafananaje, na pembeni yake mwingine mwenye cha kuuza. Yule alikuwa na kisu, huyu ana vidonge. Tena mama ana udhuru kunizidi, maana yeye alikuwa na mtoto anayekohoa kweli. Mimi nilikuwa na simu yenye chaji.

Wala msiniwekee maneno mdomoni. Mtoto mwenye homa na koo linalouma apelekwe akapimwe, kwa sababu kuna maambukizi ya koo ambayo yasipotibiwa huja kuharibu vali za moyo. Ukishindwa kumeza, sauti ikikwaruza wiki tatu mfululizo, ukikuta uvimbe shingoni usioondoka, nenda hospitali, acha kusoma makala. Lakini dalili hizo zitakuamsha zenyewe. Hazikungoji uamke saa nane kuzisaka kwa tochi. Nami kila nilipozisaka nilipata kitu, maana nilibonyeza na kuchokonoa mpaka koo likawa jekundu kweli, kisha nikauogopa wekundu wenyewe.

Sasa dada yangu ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anakohoa. Jirani ameshamtajia fundi, wanakwenda Jumamosi. Nimempigia, nikamweleza kwamba kimio hakisababishi kikohozi, kwamba kisu kile kinaweza kuleta pepopunda, kwamba watoto hutoka damu wakafa. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaka, si wewe uliyekuwa unalimulika la kwako kila usiku mwezi mzima? Leo umekuwa daktari?"

Sikuwa na jibu. Nimemtumia hela ya kituo cha afya. Ameipokea, hajasema ataitumia wapi. Kesho Ijumaa nikitoka kazini napanda basi.