*TUSIMFUKUZE MWANDISHI*

*Taarifa ya Tawi kwa wanachama wote, Vingunguti*



Jumapili, mabishano kuhusu michango yalipopamba moto, vijana wetu walimzonga mwandishi wa habari na kumlazimisha afute picha kwenye simu yake. Baadhi yetu tulipiga makofi. Kamati imekaa, na tunasema wazi: *tulikosea.*

Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten alikwenda Nyololo, Mufindi, kuripoti ufunguzi wa tawi la CHADEMA. Tawi tu, kama hili letu. Aliuawa kwa bomu la machozi mikononi mwa polisi. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela. Mtu alikufa akifuatilia habari za wanachama wa kawaida, halafu sisi tunamnyang'anya mwenzake simu?

Kila siku tunailaumu Serikali, na tuna haki. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa uhuru wa kutoa na kupata habari. Lakini mwaka 2017 MwanaHalisi na Mawio yalifungiwa miaka miwili kila moja. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 waziri aliyafungulia magazeti manne, tukashangilia. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zikasimamishwa siku 30.

Hapo ndipo penye tatizo. Anayefungua kwa hisani yake, kesho atafunga kwa hasira yake. Uhuru wa kuomba si uhuru.

Na sisi tukifuta picha kwa sababu zinatuaibisha, tofauti yetu na wao ni nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Chama kinachoogopa kamera kikiwa tawini, kikipewa wizara kitafungia magazeti.

Tena tunawahitaji. Mtaro ukiziba, maji ya Msimbazi yakiingia ndani, viongozi wasipopokea simu, tunamtafuta mwandishi. Hatuwezi kumwita kwenye mafuriko na kumfukuza kwenye hesabu.

*Kwa hiyo tumeamua:*

1. Mwandishi aliyezongwa ataombwa radhi na viongozi wa Tawi, ana kwa ana.
2. Hakuna mwanachama kugusa simu au kamera ya mwandishi. Atakayegusa ataitwa kwenye Kamati.
3. Hesabu za michango zitasomwa mkutano ujao, waandishi wakiwepo.
4. Akiandikwa uongo mtu wetu, tutajibu kwa maandishi na kudai masahihisho. Hatutajibu kwa ngumi.
5. Tutapeleka hoja ngazi ya juu: chama kidai kwamba kufungia chombo cha habari iwe kazi ya mahakama, si ya waziri wala mamlaka ya leseni.

Asiyekubaliana aje aseme kikaoni. Hatutamfuta.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*
Tafadhali mfikishie na mwanachama asiye na simu janja.