WABADILISHANE RAMANI

India na China hazipatani hata juu ya urefu wa mpaka wao. India husema ni kilomita 3,488; China husema ni kama kilomita 2,000 tu. Baina ya hesabu hizo mbili umepotea urefu unaoizidi Reli ya Kati nzima, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Majirani wasiopatana juu ya urefu wa mpaka hawawezi kupatana juu ya mahali unapopita, na kwa sababu hiyo askari wao wamekuwa wakiuana, kwa vipindi, tangu mwaka 1959.

Sisi hatuna haja ya kumpendelea mmoja na kumchukia mwingine. India ilipojitawala mwaka 1947 iliyatia moyo mataifa yote yaliyokuwa chini ya bendera ya Mwingereza, na sauti yake katika Umoja wa Mataifa ilitetea uhuru wetu. China nayo ilitujengea reli ya TAZARA baina ya mwaka 1970 na 1975, wakati wakubwa wa Magharibi walipotuambia ati reli hiyo haina faida. Mtu mwenye marafiki wawili wanaogombana ana haki ya kuwaambia wote wawili jambo wasilopenda kulisikia.

Chanzo cha ugomvi ni karatasi. Mwaka 1913 Waingereza waliitisha mkutano mjini Simla, wakawaalika wajumbe wa China na wa Tibet. Mwezi Machi 1914 mwakilishi wa Uingereza, Sir Henry McMahon, alikubaliana na mjumbe wa Tibet, kando ya China, juu ya mstari uliochorwa kwa wino mwekundu katika milima ya mashariki. Ramani yenyewe ilikuwa ya kipimo cha maili nane kwa inchi moja, hata upana wa kalamu peke yake ulifunika mabonde na vijiji. Serikali ya China ilikataa kutia saini mapatano ya mkutano huo. Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe waliusahau mstari huo kwa miaka ishirini. Walipoukumbuka, walitoa mwaka 1938 kitabu kipya cha mikataba yao kilichoandikwa juu yake mwaka 1929, ili ionekane kwamba mambo hayo yalikuwa yamechapishwa tangu zamani, na nakala za kitabu cha kweli zikakusanywa ziharibiwe. Nakala chache ziliponyoka. Ndivyo beberu alivyokuwa akitunza hati za mashamba ya watu.

Upande wa magharibi, katika nyika ya Aksai Chin, mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana huko hapakuwa na mstari mmoja bali kadhaa. Mwaka 1865 mpima ardhi mmoja aliyeitwa Johnson aliitia nyika yote ndani ya Kashmir. Mwaka 1899 Waingereza waliipelekea China pendekezo la mstari mwingine, uliowapa Wachina sehemu kubwa ya nyika hiyo. China haikujibu neno. Mwingereza akawa anachora huku au kule kwa kadiri alivyomwogopa Mrusi mwaka ule. Akaondoka mwaka 1947, akaiachia India kabati la ramani zisizopatana.

Hapo ndipo lawama inapowahamia wenye nchi wenyewe. Ramani za India za mwaka 1950 zilikiri wazi kwamba mpaka wa upande wa Kashmir haujawekwa. Mwezi Aprili 1954 nchi hizi mbili zilitia saini mapatano yenye kanuni tano za kuishi kwa amani, kanuni zilizosifiwa Bandung mwaka uliofuata na Afrika yote iliyokuwa ikingoja uhuru. Lakini Julai mwaka huohuo wa 1954 Waziri Mkuu Nehru aliagiza ramani mpya zichapishwe zenye mstari kamili, usio na shaka wala mjadala. Hakumuuliza jirani. China nayo, badala ya kusema waziwazi kwamba inaidai nyika ile, ilinyamaza ikajenga barabara ndani yake kuiunganisha Xinjiang na Tibet, ikaitangaza imekwisha mwaka 1957. Mmoja alichora kimya, mwingine akajenga kimya. Mwaka 1959 Watibeti waliasi, Dalai Lama akakimbilia India, na tangu hapo maneno ya upole yakaisha. Mwezi Aprili 1960 Zhou Enlai alikwenda Delhi, akadokeza kwamba China ingeweza kuukubali ukweli wa mashariki kama India ingeukubali ukweli wa magharibi. Alirudi mikono mitupu. Mwishoni mwa 1961 India ikaanza kupeleka vituo vya askari mbele, ndani ya ardhi inayogombaniwa, kwa imani kwamba China haitapigana.

China ilipigana. Vita vilianza tarehe 20 Oktoba 1962, wakati dunia yote ilipokuwa ikitazama makombora ya Kuba, vikaisha tarehe 21 Novemba, China ilipotangaza yenyewe kusimamisha mapigano na kurudi nyuma upande wa mashariki. Askari wengi wa India walipelekwa milimani kwa nguo za pamba na viatu vya turubai. Huko Rezang La, tarehe 18 Novemba, kikosi kimoja cha watu wapatao 120 kilibaki mahali pake hata wakafa karibu wote. Nehru alikuwa amekwisha kuliambia Bunge lake kwamba Aksai Chin ni mahali pasipoota hata jani. Wazee wetu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Pale nyasi hazikuwapo, wakaumia wana wa wakulima.

Baada ya hapo yalifuata mapigano ya Nathu La mwaka 1967, na vifo vya askari wanne wa India mwaka 1975, kisha miaka arobaini na mitano bila kuuana. Jambo hilo si dogo, na wanaozilaumu serikali hizi kwa kila kitu wasilisahau. Rajiv Gandhi alikwenda Beijing mwezi Desemba 1988. Mwaka 1993 na 1996 yakaandikwa mapatano kwamba kila jeshi litaheshimu mahali lilipo lingine, na kwamba hakuna atakayefyatua risasi karibu na mstari unaoyatenganisha majeshi hayo. Lakini mstari huo wenyewe haukuchorwa. Zilibadilishana ramani za sehemu ya kati tu, ambayo haina ugomvi mkubwa. Zilipofika sehemu ya magharibi, mwaka 2002, shughuli ikakwama. Tangu wakati huo kila jeshi lina mstari wake kichwani, na kila doria huamini kwamba iko kwake.

Matunda ya hali hiyo yalionekana katika bonde la Galwan usiku wa tarehe 15 Juni 2020. Askari wa nchi mbili zenye silaha za atomiki walipigana gizani kwa mawe, kwa marungu yenye misumari, na kwa kusukumana majabalini hadi kwenye mto wa barafu, kwa sababu mapatano yaliwakataza bunduki. India ilitangaza vifo vya askari wake 20. China ilinyamaza miezi minane, ikataja vyake kuwa vinne. Mapatano ya 1996 yalifanya kazi yake barabara, kwa maana hakuna risasi iliyolia. Kilichokosekana ni jambo ambalo mapatano hayo yaliahidi tu: kuambiana mstari uko wapi.

Katika Torati amelaaniwa mtu asogezaye jiwe la mpaka wa jirani yake. Laana hiyo yahitaji kwanza jiwe liwepo.

Watu watasema kazi hiyo haiwezekani, kwamba milima ni mirefu na heshima ya taifa ni kubwa. Sisi hatukubali, kwa kuwa kila mmoja wa hawa wawili amekwisha kuifanya na mtu mwingine. Mwaka 1960 China ilitia saini mkataba wa mpaka na Burma, na katika sehemu kubwa ya milima ya huko ilikubali mstari uleule wa McMahon, bila kulitaja jina la Mwingereza. Ikapatana na Nepal mwaka 1961, na Pakistan na Afghanistan mwaka 1963, na Urusi, baada ya damu ya mwaka 1969, ikamaliza mwaka 2004. India nayo ilibadilishana na Bangladesh, mwaka 2015, vipande 162 vya ardhi vilivyokuwa vimenaswa kila upande ndani ya nchi ya mwingine, na maelfu ya watu wakachagua uraia. Vipande 162! Aliyeweza kufungua fundo lile hawezi kutuambia kwamba nyika tupu imemshinda. Tofauti ni kwamba Burma na Bangladesh ni wadogo, na kumwachia mdogo huitwa ukarimu. Kumwachia aliye sawa nawe huogopwa kuitwa woga.

India hupenda kusema kwamba mipaka iliyorithiwa haiguswi, na wengine wetu hudhani hiyo ndiyo kanuni yetu ya Afrika. Ni kweli kwamba Cairo, mwezi Julai 1964, kwa hoja iliyotolewa na Mwalimu Nyerere, wakuu wa Afrika waliapa kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Lakini mipaka yetu mingi, kwa ubaya wake wote, ilikuwa imetiwa saini na wakoloni wa pande zote mbili. Pale ambapo hatukupatana juu ya karatasi ya mkoloni tumegombana vilevile: mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yametuachia sisi na Malawi mabishano ya Ziwa Nyasa yasiyokwisha. Katika Himalaya upande mmoja haukutia saini kabisa. Kuiita hati ya namna hiyo urithi ni kumlazimisha jirani aamini wosia ambao yeye hakuwahi kuuona. China nayo isijifiche nyuma ya neno ukoloni. Imelikubali pendo la McMahon kwa Burma ikalikataa kwa India, na kuanzia mwaka 1985 iligeuza dai lake, ikakaza mashariki, ambako watu zaidi ya milioni moja wa Arunachal Pradesh hawajaulizwa. Kuwapa milima na vijiji vyao majina mapya ya Kichina, kama ilivyofanywa mara kadhaa tangu 2017, hakumwongezei mtu haki yoyote.

Wakati viongozi wakibishana, biashara baina yao imepita dola bilioni 100 kwa mwaka. Bidhaa hazina mstari. Wenye mstari ni wafugaji wa Changpa wa Ladakh, wafugao mbuzi wa sufu laini, ambao baada ya 2020 walizuiwa malisho ya baridi kwa kuwa majeshi yalitenga maeneo yasiyoingiliwa. Na vibarua wa Jharkhand wanaosafirishwa kwenda kupasua mawe ya barabara za kijeshi mahali ambapo hata pumzi ni ya kutafuta. Na makumi ya maelfu ya askari wa kila upande waliokaa juu ya mita 4,000 majira ya barafu mwaka baada ya mwaka. Hao ndio wanaolipa kodi ya nyika isiyoota jani.

Mwezi Oktoba 2024 pande mbili zilipatana juu ya doria za Depsang na Demchok, na Waziri Mkuu Modi na Rais Xi wakaonana Kazan. Mwezi Agosti 2025 wajumbe wao maalumu walikubaliana huko Delhi kuunda kikundi cha wataalamu kitakachotafuta sehemu za mpaka zinazoweza kumalizwa mapema. Twakipongeza kikundi hicho, lakini twakihofia pia. Rahisi kwake ni kuanza na sehemu ya kati, ambako hakuna aliyekufa karibuni, kisha kupiga picha na kuagana. Ramani ya magharibi, ile iliyokwamisha kazi mwaka 2002, ndiyo ipasayo kutangulia mezani, na kila serikali iwaambie raia wake ni nini iko tayari kukiacha ili ipate nini. Delhi iliambiwa bei mwaka 1960, ikakataa kuijadili. Beijing iliitaja bei hiyo, kisha ikaipandisha. Ikiwa leo ni nyingine, itamkwe, wazazi wa vijana wa Galwan wa pande zote mbili wakisikia.