Homa ya Ini ya Aina C Machoni mwa Waliotoka Gerezani

Mwanafunzi anaposoma habari za kirusi katika kitabu cha elimu-viumbe, hukikuta kikiwa peke yake: umbo lake, maisha yake, na njia yake ya kuingia mwilini. Katika maisha ya watu kirusi hakiji peke yake. Huja kimefuatana na maoni, na mara nyingi maoni hayo ndiyo yaamuayo kama mtu atakwenda kupimwa au atakaa kimya. Makala haya yahusu maoni ya watu waliopata kufungwa juu ya homa ya ini ya aina C. Katika nchi nyingi za dunia kirusi hiki huonekana zaidi miongoni mwa wafungwa kuliko miongoni mwa watu wengine, na hata hivyo wao ni wa mwisho kuulizwa wanauonaje ugonjwa wenyewe.

Watafiti waliozungumza na watu wa namna hiyo katika nchi kama Australia, Uingereza na Marekani wamekuta maoni mawili yapinganayo, na pengine yote mawili katika kinywa cha mtu yule yule. La kwanza ni kwamba ugonjwa huu si kitu: wengi kule ndani wanao, hakuna aonekanaye kuumwa, na ukilinganishwa na UKIMWI ni jambo dogo. La pili ni kwamba ni kifungo juu ya kifungo, alama isiyofutika, hivyo heri usitajwe kabisa. Kwa maoni yangu yote mawili yametoka katika mzizi mmoja, nao ni kuamini kwamba ugonjwa ni wa mahali fulani na wa watu wa aina fulani.

Kosa hilo ni la zamani, na mfano wake uko Arusha. Jina la kata ya Elerai hutukumbusha olerai, ambalo ni jina la Kimaasai la ule mgunga wenye gome la manjano upendao kuota penye maji. Wazungu wa zamani waliosafiri katika nchi zetu waliuita mti wa homa, kwa kuwa waliona kwamba waliolala karibu nao walishikwa na homa. Waliona sawasawa, lakini walifikiri vibaya. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alikuta vimelea vya malaria ndani ya mbu, na ikadhihirika kwamba mti na mbu walikuwa wakipenda maji yale yale. Mti haukuwa na hatia yoyote.

Sasa tulitazame gereza kwa jicho hilo. Kirusi cha homa ya ini C, kilichotambuliwa mwaka 1989, husafiri katika damu. Hakimo katika hewa ya selo wala katika ugali wa gerezani. Kinachotakiwa ni damu ya mtu mmoja, hata iwe kidogo kiasi cha kutoonekana, iingie katika damu ya mwingine. Gerezani wembe ni adimu, na kitu kilicho adimu huazimana. Sindano ya kuchorea mwili michoro hutumika kwa watu kadhaa. Tena sheria huwakusanya humo watu wanaojidunga dawa za kulevya, ambao wengine wameambukizwa kabla ya kuliona lango. Uchunguzi uliofanywa Temeke, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya waliojidunga waliopimwa walikuwa na dalili za kirusi hiki katika damu. Hao walikuwa watu wa mitaani.

Anayedhani kwamba kirusi huchagua wahalifu na aitazame Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 serikali ya huko iliwatibu wananchi kichocho kwa sindano, kwa nia njema kabisa, lakini sindano zilirudiwa bila kutakaswa vya kutosha. Wakulima wasiopata kukanyaga gereza wakaambukizwa kwa wingi, hata nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoathirika kupita zote duniani. Hakuna aliyewaambia wakulima wale kwamba wameyataka wenyewe.

Oni kwamba ugonjwa huu si kitu tusiliite ujinga, maana limejengwa juu ya yale ambayo mtu ameyaona. Katika kila watu 100 walioambukizwa, takriban 30 hukiondoa kirusi wenyewe katika miezi sita ya kwanza, bila dawa. Waliobaki huishi nacho, na wengi wao hawasikii chochote kwa miaka kumi au ishirini. Ini ni kiungo kivumilivu. Huendelea kusafisha damu na kutengeneza nyongo huku makovu yakizidi ndani yake. Katika miaka 20, watu kati ya 15 na 30 katika kila 100 wanaoishi na kirusi hicho huwa katika hatari ya ini lao kujaa makovu na kusinyaa, na baadhi yao hupata saratani. Mfungwa aliyekaa miaka mitatu na wenzake, wote wakiwa wazima machoni pake, atauonaje ugonjwa unaohesabu kwa miongo? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa wakiishi na kirusi hiki, na kwamba mwaka huo kiliwaua 242,000.

Hofu nayo ina historia. Kwa miaka mingi tiba ilikuwa sindano za intaferoni, zilizochomwa kwa miezi sita hata mwaka mzima, zenye kuleta homa, unyonge na huzuni nzito, na ambazo kwa wengi hazikuponya. Habari za mateso hayo zilienea magerezani na zikadumu. Lakini tangu mwaka 2013 vimepatikana vidonge ambavyo, vikimezwa kila siku kwa kawaida kwa majuma 12, huponya zaidi ya watu 95 katika kila 100. Tiba imebadilika kuliko masimulizi yake.

Tumfikirie kijana wa Elerai anayerudi nyumbani kutoka Gereza la Kisongo. Jambo lake la kwanza ni mahali pa kulala, la pili ni chakula, la tatu ni kazi. Ini halimo katika hesabu. Akisema kwamba alipimwa akakutwa na homa ya ini, shangazi yake atamtengea kikombe na sahani, akidhani anawalinda watoto. Kikombe hakiambukizi, wala kupeana mkono, wala kula sinia moja. Lakini kijana akishatengewa kikombe amekwisha kujifunza kunyamaza, na hatakwenda hospitalini kuonekana akiuliza dawa ya ugonjwa wa jela.

Wapo watakaosema: kwa nini fedha za umma zimtibu mfungwa ilhali raia mwema hana dawa? Swali hilo ni la haki, na nchi yenye dawa chache lazima iliulize. Jibu langu ni kwamba mahakama humnyang'anya mtu uhuru wake. Haikulihukumu ini lake. Kanuni za Umoja wa Mataifa ziitwazo Kanuni za Mandela, za mwaka 2015, zasema kwamba mfungwa apate matibabu ya kiwango kile kile kipatikanacho uraiani, na kwamba matibabu yasikatike anapotoka. Jirani zetu wa Rwanda, walipotangaza Desemba 2018 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu, waliwaingiza wafungwa katika watu wa kupimwa. Nauona huo kuwa uamuzi wa busara zaidi ya kuwa wa huruma, kwa kuwa karibu kila aingiaye gerezani hutoka.

Liko jambo moja ambalo walimu wa elimu-viumbe wanaliweza kuliko daktari. Kipimo cha kwanza cha ugonjwa huu hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwaandaa dhidi ya kirusi. Askari hao hubaki katika damu hata adui akiisha kuondoka, awe ameondolewa na mwili wenyewe au na dawa. Kwa hiyo mtu aliyepona kabisa ataendelea kukutwa nao katika kipimo hicho, na asiyeelezwa ataamini kwamba angali mgonjwa. Ni kipimo cha pili, kitafutacho chembe za urithi za kirusi chenyewe, kinachoonyesha kama kirusi kingalimo. Tena kingamwili hizo hazimkingi mtu asiambukizwe upya. Aliyepona akirudia wembe wa kuazima aweza kuupata ugonjwa mara ya pili. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu na waulizwe hivi: watu wawili wana kingamwili za homa ya ini C, mmoja tu ana kirusi, ni yupi awezaye kumwambukiza mwenziwe, na ni yupi kati yao anayetengewa kikombe?