Kuficha jina si kuomba ruhusa

Ndugu vijana, ninyi mnaoandika programu, tuambiane ukweli. Vyombo vingi tunavyofanya navyo kazi vinahesabu namna tunavitumia, kisha vinatuma hesabu kwa wenye kuvitengeneza. Wanasema jina lako halimo. Sawa. Lakini mega zinazotuma ni za nani? Na nani aliombwa ruhusa?

.NET ya Microsoft inakujulisha mara ya kwanza, lakini kutuma kumeshawashwa. Hautaki? Ni wewe kuzima. Mwezi wa pili 2023, Russ Cox wa Google alipendekeza lugha ya Go ifanye vilevile. Watumiaji wengi wakakataa, naye akageuza mpango. Tangu Go 1.23, mwaka 2024, hesabu inabaki kwenye mashini yako mpaka wewe mwenyewe uandike «go telemetry on».

Kumbe inawezekana! Mtengenezaji anahitaji kujua nini inaharibika, hatubishi. Ila aulize kwanza. Kunyamaza si kukubali. Tuzime yale hatukuombwa, na tuwaandikie wenyewe, kama watu wa Go walivyofanya.