Mita Hamsini za Mwisho

Kila mwaka kusi inapovuma kwa nguvu katika pwani yetu, hasa kati ya Juni na Agosti, wodi ya mifupa hupokea watu ambao bahari haikuwazamisha. Mmoja amevunjika muundi, mwingine bega limeteguka, mwingine mbavu zimepasuka kwa mpini wa kasia lake mwenyewe. Katika faili huandikwa maneno mawili, "ajali baharini", kisha kalamu huwekwa chini. Nami niliyaandika kwa miaka mingi. Siku hizi nayaona kuwa uvivu wetu wa kitabibu, maana wengi wa majeruhi hao hawakuumia baharini. Waliumia ufukweni, maji yakiwafika magotini, watoto wao wakiwatazama.

Aliyenifungua macho ni mvuvi mmoja mzee aliyeletwa na muundi uliovunjika na kutoboa ngozi. Nilipomaliza kumpima nilimuuliza, "Mzee wangu, ulikuwa umesimama wapi?"

"Nilikuwa nauzuia mtumbwi usije ukajipigiza mchangani, daktari."

"Upande wa bahari au upande wa nchi kavu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Wa nchi kavu. Utauzuiaje ukiwa nyuma yake?"

Jibu hilo lina mantiki, na ndiyo sababu ni la hatari. Mtu anayesimama kati ya chombo na ufukwe amejiweka mahali ambapo wimbi lijalo litakipeleka chombo. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja. Mtumbwi uliojaa maji nusu, ukisukumwa na wimbi la kufika kiunoni tu, haushikiki kwa mikono ya watu wawili wala ya watu wanne. Mguu uliokita mchangani hauna pa kukimbilia, na mfupa hukubali kabla ya mtumbwi kukubali.

Wala wepesi wa chombo si kinga. Katika mchezo wa makasia ya pwani, ambao mbio zake fupi za ufukweni zitaingia katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, mashua ya mtu mmoja ina uzito wa chini wa kilo 35, na ile ya wapiga makasia wanne na nahodha wao kilo 150. Mwanamichezo hukimbia mchangani, huingia chomboni, hupiga makasia kuzunguka maboya, hurudi na kukimbia tena hadi mwisho, na wapo wasaidizi ambao kazi yao ni kukishika chombo. Naupenda mchezo huo kwa jambo hili moja: unakuhesabu kuingia na kutoka majini kuwa sehemu ya kazi yenyewe, yenye watu wake na mafunzo yake. Sisi tuliozaliwa pwani tunakuchukulia kama kufungua mlango wa nyumba.

Nahodha wa zamani walijua zaidi ya tunavyowafundisha wanetu leo. Walikaa mchangani wakiyatazama maji kabla ya kushusha chombo. Mawimbi huja kwa makundi. Yakipita makubwa matatu au manne hufuata utulivu mfupi, na huo ndio wakati wa kutoka. Ukishaingia kwenye povu, omo iyaelekee mawimbi moja kwa moja na makasia yasisimame, kwa kuwa chombo kisicho na mwendo hugeuzwa ubavu, na kilichogeuzwa ubavu hupinduka. Kurudi ni kugumu zaidi. Vijana hufurahia kupanda juu ya wimbi likawaleta pwani kwa kasi, kumbe wakati huo tezi imeinuliwa, omo inachimba maji, na kasia halina tena amri. Afadhali kusubiri nje ya mahali mawimbi yanapovunjika, uliache wimbi likupite, kisha ulifuate kwa nyuma. Ukifika maji ya magotini, shuka kwa miguu upande wa bahari, usiruke kwa kichwa, na usizungushe kamba kwenye kiganja. Kamba iliyozungushwa ndiyo inayong'oa bega.

Liko pia suala la saa. Sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania inakingwa na miamba. Maji yakipwa, mawimbi huvunjika kule mbali kwenye mwamba na ufukwe huwa kama ziwa. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu, mawimbi huupita mwamba na kuja kuvunjika kwenye mteremko wa mchanga. Dar es Salaam na Unguja, maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi alasiri, saa ambayo upepo wa mchana bado una nguvu na watoto wametoka shule. Ufukwe uliokuwa salama saa nne asubuhi si ufukwe uleule jioni. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo na mawimbi makubwa. Zisomwe pamoja na kalenda ya mwezi, maana tahadhari haitajui wewe unashusha chombo saa ngapi.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya pwani, nina ombi na maonyo machache. Ombi ni kwamba tuulize, na tuandike: alikuwa upande gani wa chombo, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, alivaa jaketi la kujiokoa au hakuvaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Waliovunjwa na vyombo vyao wakapona hawamo katika hesabu hiyo, na pasipo maandishi yetu hawatakuwamo katika hesabu yoyote.

Maonyo yanahusu yale ninayoyaona yakifanywa ufukweni kwa nia njema. Aliyezama asining'inizwe miguu juu wala asikandamizwe tumbo ili "atapike maji". Hilo hupoteza dakika na huingiza matapishi mapafuni. Kama hapumui, anzeni kwa kumpulizia pumzi, kisha mkandamize kifua, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Aliyepigwa na chombo kichwani, au aliyetupwa na wimbi akatua kwa kichwa, shingo yake ilindwe, lakini pumzi hutangulia shingo. Aliyezinduka akawa anakohoa apelekwe kituoni na kuangaliwa kwa saa kadhaa hata akisema yu mzima. Bega lililoteguka lisivutwe pale mchangani. Lifungwe kwa kanga, na mhudumu apime mapigo ya mkono na hisia ya ngozi juu ya bega, aviandike vyote viwili kabla ya mtu yeyote kulirudisha.

Mzee wangu alirudi kliniki baada ya miezi minne, akitembea kwa mkongojo mmoja. Aliniambia sasa mwanawe ndiye anayeupokea mtumbwi, akisimama upande wa bahari na kuushika omo hadi wimbi lipite, na kwamba majirani waliucheka utaratibu huo kwa wiki mbili hivi kisha wakauiga. Kuhusu jaketi bado hatujaafikiana. Anasema linamzuia kupiga kafi, nami nimemwomba aje nalo siku nyingine alivae mbele yangu, tuone ni wapi hasa linapombana.