Pua Ni Mlango wa Pumzi

Ndugu msomaji wa Makobola, katika miji mikubwa wako watu wanaolipa fedha nyingi wapasuliwe pua, ipate kuwa nyembamba. Wengine hujuta: pua imepinda, au hewa haipiti vizuri.

Kazi ya pua ni kupasha hewa joto, kuilowesha na kuzuia vumbi. Kwa hiyo mwenye pua nzima asiikate kwa kutafuta sifa. Lakini aliyevunjika pua na kushindwa kupumua, kisu cha daktari ni msaada kwake.

Nawe uliyepasuliwa usiridhike, usikimbilie kisu cha pili. Uvimbe huweza kukaa mwaka mzima. Ukiona homa au damu nyingi, usingoje. Nenda hospitali upesi. Wala usione haya: Mungu hakupimi kwa pua.