HP x360 ama ThinkPad Yoga? Hilo Swali Mmepewa na Muuzaji

Wasee, wacha niseme kitu kitaudhi watu wa maduka, na pengine wenzangu tunaotengeneza video za laptopu. Hiyo vita yenu ya "HP x360 ama ThinkPad Yoga" si swali lenu. Mmepewa na muuzaji, na mkiendelea kubishana kuhusu majina mnamsaidia kazi.

Jumbe zangu zimejaa hiyo kitu. "Buda, nachukua gani kati ya hizi mbili?" Picha mbili, zote za mashine imekunjwa kama hema, skrini inang'aa. Anayeuliza ana miaka 18 ama 19, anaingia chuo. Pesa ni ya HELB, ama ni ya mzazi, na haitapatikana mara ya pili. Sisi ndio tulikuwa watoto wadogo 2013 serikali ikiahidi laptopu kwa kila anayeingia darasa la kwanza, na 2016 zikaanza kuja tableti. Kwa hivyo naelewa kiu. Kile sielewi ni mtu kutoa hiyo pesa yote kwa sababu skrini inazunguka.

Tuelewane kwanza tunaongea kuhusu nini. Mpya kabisa, mashine za hii daraja ni ghali, na wengi wetu hatufiki huko. Zile mnatumiwa picha ni Ex-UK. Kampuni ng'ambo ilizinunua 2017 ama 2018, wafanyakazi wakazitumia, zikatolewa kwa jumla, zikasafirishwa, na sasa ziko Moi Avenue na Luthuli zimepanguswa zikanukia limau. Sina shida na hiyo. Mimi mwenyewe naandika hii kwa mtumba, na nusu ya Woodley tunavaa Toi bila aibu. Lakini nguo ya Toi unaigeuza ndani nje, unavuta zipu, unaangalia kwapa. Mbona laptopu unaangalia kava tu?

Sasa sikiza hapa, kwa sababu hapa ndipo watu wanachomwa.

"HP x360" si mashine moja. EliteBook x360 1030 G2 ilitoka 2017 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 7. G3 ikatoka 2018 na kizazi cha 8. Ukiziona zimekaa kando kando kwa rafu, ni alumini ya fedha zote, skrini ni inchi 13.3 zote, spika za Bang & Olufsen zote. ThinkPad X1 Yoga ni hivyo hivyo: ya 2016, ya 2017 na ya 2018 nyingi ni nyeusi, zote inchi 14, na hakuna mtu atakuambia tofauti usipouliza. Lakini Microsoft ilipoleta Windows 11 ilichora mstari, na ukiacha prosesa chache sana, kwa Intel huo mstari unaanzia kizazi cha 8. Na Windows 10 ilifungiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Wametoa nyongeza ya mwaka mmoja ya usalama, hadi Oktoba 2026, halafu basi.

Maana yake? Ukinunua G2 leo umenunua mashine ambayo aliyeitengenezea Windows ameshaitoa kwenye orodha, na wewe bado uko mwaka wa kwanza. Kozi ni miaka minne.

Muuzaji atakujibu: "Lakini bosi, hii iko na Windows 11 tayari, ona." Ndiyo iko. Imepitishwa dirishani. Kuna njia ya kuruka ule ukaguzi na fundi yeyote anaijua. Lakini Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kuendelea kupata masasisho. Hiyo hautaambiwa dukani. Kwa hivyo kabla ya kuuliza HP ama Lenovo, soma jina la prosesa. Ikiandikwa i5-7300U, ile 7 baada ya kistari ndiyo kizazi. Ikiwa i5-8350U, hiyo ni 8, tunaweza kuongea.

Ya pili ni RAM, na hii ndiyo hunikasirisha zaidi. Kwenye hizi mashine zote mbili, HP na ThinkPad, RAM imechomelewa kwenye bodi. Haitoki wala haiongezwi. SSD unaweza kubadilisha, RAM huwezi. Iliyotoka nayo kiwandani ndiyo itazikwa nayo.

Kuna dada mmoja hapa mtaani, nyumba chache kutoka kwetu. Mama yake ana kibanda cha nguo. Alikopa kwa chama kumnunulia laptopu, kwa sababu msichana amepata nafasi ya kusomea usanifu majengo. Duka moja mjini likampa G2, giga 8, na ahadi: "Ukiona inakuwa nzito rudi tukuongezee RAM, hiyo ni kitu kidogo." Ikawa nzito mwezi wa kwanza. Akifungua programu ya kuchora na Chrome pamoja, feni inalia, mashine inaganda. Fundi wa hapa karibu akafungua kifuniko, akaangalia, akarudisha skrubu moja moja bila kusema kitu. Wakarudi dukani. Wakaonyeshwa ule mstari wa chini kwa risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Mama bado analipa chama kila wiki.

Na hiyo sentensi ya risiti tunaiogopa kama ni amri ya korti. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anayohitaji ili afaidike nayo. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 pia. Kumwambia mtu RAM itaongezwa na haiongezeki, hiyo si biashara ya ujanja, ni uongo. Lakini kijana wa miaka 19 na mama yake hawawezi kusimama kaunta kunukuu katiba huku watu watano nyuma wanasukumana. Muuzaji anajua.

Na sisi wenye kamera tunamsaidia. Angalia hizo video. Laptopu inageuzwa kama chapati, muziki, mwanga wa zambarau, "wasee hii kitu ni moto," halafu namba ya duka. Hakuna anayesema ni kizazi gani ama anaonyesha afya ya betri. Wengine wamelipwa na hawasemi wamelipwa. Mimi pia nimepigiwa, "njoo uchukue moja, utupostie tu." Ukikula ya duka sema umekula, ili mtu ajue anasikiza tangazo.

Haya, najua mtasema nimekwepa. Kati ya hizo mbili?

X1 Yoga ya 2018, giga 16. Bila hiyo giga 16, hapana.

Sababu yangu ni kalamu. Mashine ya kukunja bila kalamu ni laptopu ya kawaida yenye bawaba ghali. Kalamu ya ThinkPad inaingia ndani ya mwili wa mashine na inachajiwa humo humo, kwa hivyo mara nyingi imesafiri nayo hadi Nairobi. Kalamu ya HP haina pa kukaa ndani. Ilibaki kwa droo ya mtu fulani kule ilikotoka, na wewe utaanza kuitafuta na kuinunua kando. Halafu ThinkPad ukiikunja vitufe vya kibodi vinashikwa visibonyezeke, na pembeni kuna milango miwili ya USB ya kawaida ambapo G3 ina mmoja. Mtu wa flashi na mausi ananielewa.

HP inashinda kwa nini? Ni nyepesi, spika ni tamu, na ni nzuri kwa macho, siwezi kukataa. Lakini chunga zile zenye Sure View, skrini ya kuficha kazi yako kwa jirani. Kwa matatu ya Ngong Road ni poa. Kwa kuhariri picha ni mateso, ukisogea kidogo tu rangi zinakufa.

Na zote mbili zina ugonjwa mmoja: kioo na skrini vimegandishwa pamoja. Kikipasuka kioo, unabadilisha kitu kizima, na hiyo bei fundi akiitaja utadhani anakuuzia laptopu nyingine.

Sasa swali ambalo muuzaji hataki ujiulize: unachora? Unaandika noti kwa mkono, michoro ya saketi, hesabu, miili ya binadamu? Kama ndiyo, kunja. Kama kazi yako ni Word, kodi, Netflix na Zoom, hiyo bawaba unainunulia nani? ThinkPad T480 ni ya 2018 pia, kizazi cha 8 zipo tele, ina nafasi mbili za RAM unazoongeza ukipata pesa, na betri moja unaitoa kwa nje bila hata skrubu. Haigeuki. Haipendezi kwa video. Itakufikisha gradu.

Najua kuna mtu atakomenti kwamba nawanyima watoto wa Woodley na Kibra vitu vizuri, eti maskini lazima atumie sura mbaya. Ndugu, yule wa G2 ya giga 8 ndiye aliyenyimwa. Alilipa bei ya kitu kizuri akapewa sura yake.

Ukienda, enda asubuhi, si saa kumi na moja jioni Jumamosi. Izime, iwashe, uingie kwa BIOS. Ikiitisha nenosiri hawalijui, hiyo bado ni ya kampuni fulani, toka. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, ulinganishe betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa inashika ngapi. Ikunje na uifungue mara kumi ukiangalia kama skrini inapepesa. Chora mistari ya kona hadi kona kwa kalamu. Kama wamesema itaongezwa RAM, waambie waongeze sasa hivi ukiona.

Wakikasirika, shuka ngazi. Duka linalofuata liko mlango wa pili.